Kitabu cha Uzima cha Msangano

Telegramu ya mpasha habari wa mpakani ilikuwa na maneno matano.

KAHAWA INAOZA MSANGANO. WAHI JUMAMOSI.

Osea Silwimba, askari kanzu wa Mbeya, aliisoma mara moja, akaiwashia kiberiti. Kahawa maana yake watu. Kuoza maana yake wanauzwa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Oktoba 1953.

Aliipiga teke pikipiki yake ya BSA, ikanguruma. Ndani ya koti alibeba bastola aina ya Webley, risasi sita. Mfukoni, ufunguo malaya.

Msangano ndiko alikozaliwa. Hakuwa amekanyaga huko kwa miaka minne.

Alipofika, vihenge vya majirani vilikuwa majivu. Kimoja tu kilisimama, cha shangazi yake Roda.

"Wamechoma mtama wao wenyewe," Roda alisema. "Nabii Efraimu kawaambia Yerusalemu Mpya hakulimwi. Kesho malori yanawachukua."

"Na Tabita?"

"Yumo."

Tabita alikuwa dada yake wa tumbo moja.

"Hana akili?"

Roda alimkata jicho. "Akili anazo kukuzidi wewe. Surua ilimchukulia watoto wawili wiki moja. Watu walizika, wakarudi mashambani. Wewe ulituma barua. Watu wa Efraimu walikaa naye miezi mitatu, wakimtekea maji. Walijua majina ya wale watoto. Mwanangu, hakuna anayeamka akasema leo naingia kwenye uongo. Anaingia kwenye nyumba yenye watu."

Osea aliuliza, "Mbona wewe hukuingia? Nawe umezika."

"Niliuliza waliotangulia Juni wako wapi, mbona hakuna aliyeleta hata salamu. Efraimu akanifokea mbele ya watu: kuuliza ni dhambi! Marehemu mume wangu alinipiga miaka kumi kwa kumuuliza alikolala. Mwanamume anayeogopa swali namjua kwa harufu."

Alasiri, waumini wakiimba uwanjani, Osea alipenya nyumbani kwa nabii. Sanduku la mbao. Kufuli la shaba. Ufunguo malaya ulizunguka mara mbili.

Ndani kulikuwa na kitabu kinene. Kitabu cha Uzima, waumini walikiita. Kila mmoja alichovya dole gumba kwenye wino, jina lake liandikwe mbinguni.

Kilikuwa kimeandikwa Kiingereza.

Ilikuwa mikataba. Wanaume, miaka mitano chini ya ardhi, kwenye mgodi ng'ambo ya mpaka. Wanawake, miaka mitano mashambani. Madole gumba mia moja na kumi na mawili. La Tabita lilikuwa ukurasa wa tisa, dogo, limebonyezwa kwa nguvu zote.

Osea alitamani kumfuata Efraimu pale pale na kummaliza. Akajizuia. Mtu mmoja mbele ya umati ule angepondwa kwa mawe. Tena alimtaka na mnunuzi.

Alikificha kitabu chini ya koti, akatoka.

Jumamosi, jua lilipochomoza, malori mawili ya Bedford yaliondoka yamejaa watu wenye nguo nyeupe. Osea aliyafuata kwenye vumbi hadi karibu na Tunduma, mahali barabara inapojibana kati ya mawe. Akaongeza mafuta. Akalipita la nyuma. Akalifikia la mbele, akachomoa Webley.

Paa!

Gurudumu la mbele lilipasuka. Lori likayumba, likasimama upande. La nyuma likafunga breki.

Efraimu aliruka kutoka mbele, suti ya kijivu, bastola mkononi. Osea alikuwa ameshafika. Teke moja, bastola ikaruka majanini. Mzungu mnene aliyekuwa kando ya dereva aliinua mikono bila kuambiwa. Huyo ndiye mnunuzi.

"Shetani!" watu walipiga kelele. Jiwe lilimchana Osea shavu.

Hakulifuta. Alikifungua kitabu, akawasomea kwa Kinamwanga, lugha yao, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka. Kelele zikapungua. Zikaisha.

Tabita alishuka kwenye lori. Hakumtazama kaka yake.

"Baba," alimwambia nabii, "nisomee wewe ukurasa wangu."

"Mwanamke, imani haiulizi!"

"Nisomee."

Efraimu alitazama nyuso zile mia moja. Akatimua mbio kuelekea mpakani. Hatua thelathini hakufika. Osea alimkwatua, akamfunga pingu, uso wa nabii ukiwa vumbini.

Kwenye kituo cha mpaka, Osea alizungusha mkono wa simu.

"Mbeya."

"Silwimba. Nabii na mnunuzi wote ninao. Watu salama."

"Safi," alisema bwana mkubwa. "Ripoti inataka sababu ya watu kumfuata nabii. Nitaandika ujinga wa wenyeji."

"Usiandike hivyo."

"Unasemaje?"

"Huyo mnunuzi amejigamba ana digrii mbili, bwana; si ujinga uliofanya haya. Andika walikuwa na msiba, wakakosa mtu wa kukaa nao."

Akakata simu huku bwana mkubwa bado anafoka.

Nje, Tabita alikuwa amesimama peke yake. Macho yake makavu, yanawaka.

"Umenitoa kule," alisema. "Sasa unanipeleka wapi? Kwenye nyumba ile ile tupu?"

"Nyumbani. Nami nakuja."

"Kulala siku moja?"

Osea alimgeukia askari wa zamu, akamsukumia BSA.

"Rudisha Mbeya. Waambie niko likizo."

"Ya siku ngapi, afande?"

"Nikirudi, nitakuwa nimerudi."

Akaweka kofia sawa, akashika njia ya Msangano kwa miguu, polepole. Tabita akamfuata, hatua tano nyuma.