Mchezo Uliokaa Ndani ya Koti

Asubuhi Nadine aliporudi kutoka kisimani, mume wake Théophile alikuwa anafagia chumba cha mbele. Chumba hicho ndicho kiliwalisha. Ndani mlikuwa na ordinatere moja, yaani kompyuta, viti vichache, na betri kubwa iliyojazwa na plake za umeme wa jua juu ya bati. Vijana wa Kasongo walikuja kucheza mpira kwenye skrini. Wengine walileta simu zao ili wawekewe nyimbo na filamu.

Théophile alipomaliza kufagia, alitia mkono katika mfuko wa ndani wa koti lake. Alitoa diski ndogo yenye waya, akaichomeka kwenye mashine. Mchezo wa mpira ulikuwa ndani ya diski hiyo. Kila jioni aliichomoa na kuirudisha kwenye koti. Alilala koti likiwa chini ya kichwa chake.

Majirani walimcheka. Nadine hakucheka, kwa sababu alijua jambo hilo limetoka wapi. Zamani waliishi Wamaza, katika Kabambare. Siku moja risasi zililia karibu. Wakakimbia na binti yao Grâce mgongoni. Mashine ya kusaga, baiskeli na mbuzi vilibaki. Tangu siku ile Théophile alisema, "Kitu kisichoingia mfukoni si chako."

Siku hiyo wateja wa kwanza walikuwa Junior na Christophe, vijana wanaofyatua matofali.

"Papa Théo, washa!" Junior alisema. "Leo namupiga huyu mpaka alie."

"Weye?" Christophe alijibu. "Hata kuku wa mama yako wanakushinda mbio."

Théophile alibonyeza. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye skrini. Likazunguka. Junior akatoka, akanunua mikate ya kukaanga kwa Mama Nuru barabarani, akarudi, akala, akapangusa mafuta mdomoni. Duara lilikuwa bado linazunguka.

"Papa, mashine iko nalala?"

"Iko nafikiri," Théophile alisema.

"Inafikiri nini? Kipa wangu anazeeka!"

Walicheka, lakini hawakukaa. Christophe alisimama. "Utatusamehe, papa. Tuko na kazi. Hapa tunaangalia duara kuliko mpira."

Wakaenda. Na wakati wote wa kungoja, mashine ilikuwa inakula umeme wa betri. Mchana betri iliisha, na chumba kikafungwa.

"Ni jua, halitoshi," Théophile alisema. Alikuwa amesema hivyo mara nyingi. Alikwisha kuongeza plake ya pili juu ya bati. Alikwisha kuipumzisha mashine kama punda. Duara lilizunguka vile vile.

Walipokuwa wanakula, alisema bila kumtazama mke wake, "Mama Grâce, Pitchou alipiga simu."

Pitchou ni mdogo wake, anayechimba dhahabu Salamabila, huko huko Kabambare.

"Anasema iko fasi ya mutu mumoja kwenye shimo lao. Chumba hiki kimekufa. Ijumaa napanda pikipiki."

Nadine aliacha kula. "Salamabila? Unarudi Kabambare?"

"Tutakula nini?"

"Tulikimbia kule na mutoto mgongoni! Sasa weye uko shimoni, miye niko hapa nasikiliza redio kama risasi zimelia tena?"

"Basi nifanye nini?"

"Kabla ya kuzika mutu, unauliza kwanza kama amekufa. Hii mashine, nani aliipima? Hakuna. Unaangalia jua tu."

Kesho yake Nadine alimwita Régina, jirani yao wa nyuma, ambaye walimwita Yaya kama ndugu mkubwa. Régina anatunza mashine za redio ya mtaa. Alikuja na kitenge chake begani, akaketi mbele ya skrini.

"Yaya Régina, jua letu..." Théophile alianza.

"Usinieleze. Nionyeshe."

Théophile akabonyeza. Régina aliangalia duara. Kisha akafuata ule waya kwa kidole mpaka kwenye diski.

"Mchezo uko wapi?"

"Uko humu."

"Na ndani ya mashine muko nini?"

"Filamu na nyimbo za watu."

Régina akatazama ndani. "Ee! Mumejaa mpaka mlangoni. Papa Théo, sikiliza. Ndani ya mashine hii kuko diski ya namna mpya. Haina kitu kinachozunguka. Inasoma upesi sana. Hii ya koti ndani yake kuko sahani inayozunguka, na kidole chembamba kinachotafuta huku na huku. Mchezo una maelfu ya vipande: uwanja, jezi, nyuso, kelele za watu. Mashine inavuta vyote kutoka humu, kupitia waya huu. Ndiyo maana inachelewa."

Akamgeukia Nadine. "Mama Grâce, ukipika, chumvi unaiweka wapi?"

"Karibu na mafiga."

"Na kama iko kwa jirani?"

"Sombe itaungua chunguni nikiwa njiani."

"Ndiyo ile. Filamu mumezipa fasi nzuri, na filamu haina haraka. Mchezo wenye haraka mumeuweka kwa jirani."

"Kwa hiyo si jua?" Théophile aliuliza.

"Jua linajaza betri. Betri ikiisha, mashine hii inazimika. Mchezo kuchelewa kufunguka ni jambo lingine."

"Na megabaiti za mtandao? Ninunue zingine?"

"Mchezo wenu hautumii mtandao. Weka megabaiti zako, umupigie mama yako simu."

Nadine alicheka. Théophile hakucheka. Aliweka mkono juu ya diski.

"Siwezi kuuacha mchezo ndani ya mashine," alisema polepole. "Na kama tunakimbia?"

Régina hakumwambia kwamba hawatakimbia tena. Nani anaweza kusema hivyo?

"Papa," alisema, "ukimufundisha mutoto wimbo, weye unaupoteza?"

"Hapana. Tunakuwa nao wote wawili."

"Basi kunakili ni hivyo. Mchezo utabaki kwenye koti yako, na mwingine kama huo utakaa ndani ya mashine."

"Mumoja wa kukimbia nao," Nadine alisema, "na mumoja wa kufanya nao kazi."

Théophile aliipapasa diski kwa kidole. Walifika Kasongo zamani, lakini katika moyo wake alikuwa bado njiani. Mwisho akaondoa mkono.

"Haya. Tufanye."

Walianza na filamu. Diski ya koti ilikuwa na nafasi nyingi, kwa hiyo walizinakili huko. Théophile alitaka kufuta za ndani mara moja. Régina alimzuia.

"Hapana! Kwanza fungua, uone kama nakala inacheza. Ndipo ufute."

Walipofuta, ndani ya mashine pakawa peupe. Wakanakili mchezo humo, na Régina akaweka alama mpya ya kuufungulia kwenye skrini. "Usijaze tena mpaka ukingoni," alisema. "Mashine iliyojaa kabisa inaenda polepole, hata kama diski yake ni nzuri."

Kisha akaonyesha programu nyingi zilizowaka zenyewe kila asubuhi. Hakuna aliyezitumia. "Hawa ni wageni wanaokaa jikoni na hawapiki. Tuwazuie mlangoni. Lakini hii hapa inalinda mashine. Simu za watu zinaleta virusi. Hii usiiguse."

Kazi ilichukua muda. Ilipokwisha, Théophile alibonyeza. Duara likazunguka kidogo tu, na uwanja ukatokea na majani yake ya kijani.

"Mama yangu!" Nadine alisema.

Siku iliyofuata Nadine alienda mwenyewe kuwaita vijana wa matofali. Junior, kwa mazoea, alibonyeza na kutoka kutafuta mikate. Aliporudi alikuta amefungwa magoli mawili.

"Muizi! Nani alikuambia uanze?"

"Mashine imeanza," Christophe alisema. "Ingia, nikufunge la tatu."

Habari zikaenea. Vijana wakacheza mmoja baada ya mwingine bila kungoja. Umeme uliopotea kwenye duara sasa ulitumika kwa mpira, na betri ikafika jioni.

Pitchou akapiga tena. "Yaya, uko tayari?"

"Siji."

"Umeogopa?"

"Niko na kazi. Ukichoka na shimo, weye uje hapa."

Ijumaa asubuhi mwenye pikipiki alipiga honi mbele ya nyumba. Théophile alitoka, akamwambia atafute abiria mwingine. Nadine alisikia pikipiki ikiondoka, lakini hakuchungulia. Alikuwa jikoni anapima mchele wa mchana, na alipima wa watu wote wa nyumba, Théophile akiwemo.