Mashine Iliyoona Huruma

Ukungu ulikuwa haujaondoka Uyole, na tayari Nyamizi alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uwanja na kuosha vyombo. Hakuna aliyemhimiza. Siku nyingine shangazi yake, Mbuke, alimwita mpaka sauti ikamkauka, lakini ikifika Jumamosi mtoto hakushikika.

"Haya, nenda," shangazi alisema akicheka. "Nenda ukachezee maharage. Sijui ni shule gani hiyo inayofundisha watoto kuhamisha maharage!"

"Hatuchezi, shangazi. Tunaandika programu."

"Ndiyo hayohayo. Ukirudi nayo yote, nitapika."

Nyamizi alitia konzi ya maharage mfukoni, akatoka mbio. Wazazi wake walikuwa wafugaji kule bondeni Usangu, nao walimleta kwa shangazi ili asome. Mwaka ule reli ya kwenda Zambia ilikuwa bado inajengwa, na malori ya vifaa yalipita barabara kuu mchana kutwa. Alisubiri moja lipite na vumbi lake, akavuka kwenda shuleni.

Mwalimu Ambrosi, mtu wa Iringa, ndiye aliyekuwa akiwafundisha hesabu. Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Wenzake walirudi na redio na makoti mazito. Yeye alirudi na kitabu chembamba cha lugha iliyoitwa Rondo. Haikuwa lugha ya kuzungumza. Ilikuwa lugha ya kuandikia kompyuta maagizo, na hata huko ng'ambo, mwenyewe alikiri, walioijua hawakuwa wengi. Kompyuta yenyewe haikuwapo Mbeya nzima, lakini jambo hilo halikumkosesha mwalimu usingizi.

"Kompyuta tutakuwa sisi wenyewe," aliwaambia.

Basi wakaigeuza lugha ile kwa Kiswahili. Amri zake zilikuwa chache: WEKA, ONGEZA, PUNGUZA, ANDIKA, RUDIA. Viberiti vitupu vilipangwa mezani, kila kimoja na jina lake, na maharage yaliyomo ndiyo yalikuwa hesabu. Mtoto mmoja aliandika programu. Mwingine alikuwa mashine: alisoma amri mojamoja na kuitii kama ilivyoandikwa, bila kuongeza, bila kupunguza, bila kuuliza. Siku moja programu ya Juliana, mwanafunzi mwenzao, iliiamuru mashine ipunguze harage moja kutoka kiberiti kisichokuwa na kitu. Nyamizi, ambaye ndiye aliyekuwa mashine, aliganda vidole vikiwa ndani ya kiberiti, akakataa kusogea. Darasa zima lilivunjika mbavu, Juliana mwenyewe akicheka kuliko wote.

Kikundi hicho cha Jumamosi kilipenda mchezo ule kupita kiasi. Walibishana njia nzima kurudi nyumbani, huyu akisema amri saba zinatosha, yule akisema hata tano. Na wote walikubali kwamba hapakuwa na mashine kama Nyamizi. Programu ikiwa na kosa, kwake haikupita.

Kabla ya likizo, mwalimu aliwaletea habari. Angesafiri kwenda Dar es Salaam, na huko alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta ya kweli. Rafiki huyo aliahidi kumpa dakika chache tu.

"Nitachukua programu moja," alisema. "Iwe na faida, na iwe imepita kwa mashine yetu hapa."

Katika kikundi, aliyeisikia habari ile kwa masikio mawili alikuwa Lutengano. Baba yake alilima viazi, na mzee huyo alikuwa amechoshwa na hizo Jumamosi za maharage. Alikuwa amemwambia mwanawe wazi: "Hiyo mashine yenu ikitoa kitu cha kunisaidia shambani, endelea. Isipotoa, Jumamosi ni za jembe." Kwa hiyo Lutengano aliandika programu ya mbolea. Kompyuta ingeandika orodha: eka moja, mifuko kadhaa, eka mbili, mifuko kadhaa, hivyo hivyo mpaka eka kumi. Aliihangaikia kuliko alivyowahi kuhangaikia somo lolote.

Siku ya majaribio, programu ya Juliana ya kujumlisha magoli ya netiboli ilitangulia. Ilikuwa fupi na safi, ikapita. Kisha ikaja zamu ya Lutengano.

Nyamizi aliweka harage moja kwenye kiberiti cha eka. Akapiga hesabu ya mbolea, akaandika mstari wa kwanza ubaoni. Amri iliyofuata ilisema RUDIA. Hapo akasita. Lutengano alikuwa amesahau kuiambia mashine iongeze harage kwenye kiberiti cha eka. Mashine ya kweli ingerudi mwanzo, ikute harage lilelile moja, iandike eka moja tena, na tena, bila mwisho.

Alimtazama Lutengano. Kijana alikuwa amesimama ameshika ncha za meza. Akimwangusha leo, programu ya Juliana ndiyo itakayochukuliwa. Na baba yake je? Nyamizi alimwonea huruma, kweli kabisa. Akaongeza harage moja kimyakimya. Akaandika eka mbili. Akaongeza jingine. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na watoto wote walikuwa wakitazama ubao, hakuna aliyeona. Mwalimu alikuwa dirishani.

"Imepita," alisema Nyamizi.

Lutengano alirukaruka kama mwanambuzi. Mwalimu akachukua programu yake, kwa kuwa ilikuwa na faida zaidi, akamwambia Juliana asikate tamaa. Nyamizi naye alifurahi. Alijiambia kwamba labda mwalimu angeliona kosa njiani. Likizo nzima alijiambia hivyo, na hakwenda kumwambia mtu.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliingia na bunda la karatasi ndefu zilizokunjwa. Watoto walisimama juu ya madawati. Akazikunjua, na Lutengano akasoma kwa sauti: "Eka moja, mifuko miwili. Eka moja, mifuko miwili. Eka moja..." Sauti ikazidi kufifia. Karatasi nzima ilikuwa hivyo, mpaka pale mtu wa ofisi alipoizima mashine.

"Nami nina lawama," mwalimu alisema kwa upole. "Niliamini kwamba imepita, sikuisoma tena."

Lutengano alikunja karatasi ya programu yake, akatoka kabla mwalimu hajamwonyesha kosa. Jumamosi iliyofuata hakuonekana, wala ile nyingine. Nyamizi alimkuta shambani kwa baba yake, akipalilia viazi.

"Rudi bwana, Lute," alimwambia.

"Nirudi kufanya nini? Kichwa changu hakifai kwa mambo yale." Aliendelea kulima, hakuinua uso. "Hapa mlisema imepita. Kompyuta yenyewe ikakataa. Hata sijui kosa liko wapi. Nimeisoma mpaka nimechoka, naona ni sawa tu."

Maneno yale yalimchoma Nyamizi. Alikuwa amedhani kwamba amemwepusha rafiki yake na aibu ndogo. Kumbe alimwachia kubwa zaidi, na akamfanya aamini kwamba ni mjinga. Alifungua mdomo aseme, akashindwa, akaondoka. Alifika barabarani akageuka, akageuka tena, mwisho akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu na kumweleza yote huku analia.

Mwalimu Ambrosi hakumkaripia. Alivaa viatu vyake.

"Twende kwa mzee," alisema. "Utasema wewe, si mimi."

Baba Lutengano aliwakaribisha kwa viti na chai. Nyamizi aliamkia, kisha akasema mbele ya baba na mwana, macho yake yakiwa chini. Alisema kwamba programu ilikuwa na kosa, kwamba aliliona, na kwamba aliongeza maharage kwa siri. Alipomaliza, mzee alimtazama mwanawe.

"Kwa hiyo huyu si kwamba hana akili," alisema.

"Hapana, baba. Ni amri moja tu alisahau. Sote tunasahau."

"Ndaga, mwanangu. Nashukuru umekuja kusema. Mimi nilimcheka mbele ya wadogo zake." Alimgeukia mwanawe. "Jumamosi nenda. Jembe tutapanga siku nyingine."

Nyamizi alidhani Lutengano angefurahi. Lakini yeye alitoa karatasi ya programu yake, iliyokwisha kuchakaa kwa kukunjwa.

"Nionyeshe," alisema.

Nyamizi akaweka kidole kati ya ANDIKA na RUDIA. Lutengano alipatazama pale kwa muda mrefu.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningeiandika palepale."

Hakusema kwa hasira. Nyamizi angependa zaidi kama angegomba.

Njiani alimuuliza mwalimu kama programu ingeweza kupelekwa tena Dar es Salaam, sasa ikiwa imesahihishwa. Mwalimu akatikisa kichwa. Rafiki yake alikuwa amemwandikia kwamba ofisi haikuwaruhusu tena watu wa nje. Wala ya Lutengano, wala ya Juliana, haingeiona kompyuta.

"Basi nimewaharibia wote," alisema Nyamizi.

"Umewaharibia, ndiyo. Sitakudanganya ili upate nafuu, maana huko ndiko tulikotoka." Mwalimu alipunguza mwendo. "Sikiliza, Nyamizi. Kumwonea mwenzako huruma si vibaya. Lakini Lutengano alileta kazi yake kwako umwonyeshe alipokosea. Ukamficha kosa lake, na kosa lile lilikuwa mali yake, alilihitaji ili ajifunze. Siku nyingine ukimpenda mtu, mwambie ukweli mapema, pale anapoweza bado kurekebisha. Ukichelewa, utausema tu kama leo, na hautamsaidia kama ambavyo ungemsaidia."

"Ndiyo, mwalimu."

Jumamosi Lutengano alikuja. Alikaa na Juliana, dawati la mbele, na Juliana ndiye aliyeombwa kuwa mashine. Nyamizi aliketi nyuma akiwahesabia maharage, na hakumlaumu mtu.