Jiko Lisilo na Moshi

Saa kumi alasiri, Jumanne ya Julai 10, 1973, Verediana alisukuma mlango wa chumba cha kushonea pale Kihesa, Iringa, akamkuta baba yake, fundi Kalinga, ameinamia cherehani. Alidhani amesinzia. Alikuwa amekufa.

Kando yake palikuwa na jiko la mkaa la kupashia pasi na bakuli la uji lililobaki nusu. Majirani waliliona bakuli tu. Jua halijazama, mjane Severina akawa mahabusu, eti kamlisha mumewe sumu.

Sajini Alinanuswe, Mnyakyusa wa Mbeya asiyeridhika na jibu la kwanza hata likitoka kwa mkewe, alimhoji jioni ileile.

"Mama, uji ulipeleka saa ngapi?"

"Saa saba, afande. Akaniambia nifunge mlango, baridi inamuumiza."

"Na uliobaki?"

"Paka aliumaliza, watu wanaona. Mpaka sasa anazurura tu."

Sajini alikwenda kumtazama paka. Alikuwa mzima. Midomo ya marehemu ilikuwa na wekundu wa ajabu, na tundu la hewa la chumba lilikuwa limezibwa kwa gunia kutokea nje. Alipolivuta, pumba za mpunga zikamwagikia kofia yake.

Kihesa hakulimwi mpunga. Edmund, mchumba wa Verediana, aliendesha lori la mpunga kutoka Chimala.

"Gunia nilimpa mzee mwenyewe," Edmund alisema bila wasiwasi. "Labda kajizibia baridi. Si kila mtu anaziba huku?"

Kweli, Julai kila mtu anaziba. Na Severina alikuwa apandishwe kizimbani Ijumaa.

Alhamisi saa tatu asubuhi Sajini aliwaita wote watatu kwenye chumba kile. Aliliwasha jiko nje, moshi ukaisha, akaliingiza ndani. Gunia alilirudisha tunduni, akafunga mlango. Mezani aliweka kisanduku, akakifunika kwa kofia.

Mkaa uliwaka mwekundu, safi kabisa. Severina na bintiye walisogea kuota moto. Edmund alibaki mlangoni, leso puani. Saa tatu na dakika ishirini alishindwa kuvumilia.

"Afande, fungua. Tutakufa humu."

"Kwa nini? Moshi uko wapi?"

"Huu usio na moshi ndio unaoua," Edmund alisema.

Ndipo kengele ikalia chini ya kofia. Sajini alifungua mlango, akawatoa wote uani.

"Kitu gani hicho?" Verediana aliuliza.

"Nimekiazima kwa wanaochimba mahandaki ya reli. Mkaa una hewa ya sumu, haionekani wala hainuki, ndiyo iliyomwachia marehemu midomo myekundu. Ndani ya kisanduku hiki mna chembechembe zinazopata joto zikikutana na hewa hiyo. Joto likifika kipimo, kengele inalia, mtu anatoka kabla hajadhurika." Akamgeukia Edmund. "Mama na binti hawakujua. Wewe umejulia wapi?"

Edmund alitupia jicho barabarani, ambako askari wawili walikuwa wakisubiri.

"Nimepiga simu Chimala. Mwaka juzi utingo wako alifia ndani ya lori, kalala na jiko. Na mkeo wa huko anakusalimu."

Verediana alimtazama mchumba wake kana kwamba hamjui.

"Mzee aligundua," Edmund alisema polepole. "Alitaka kunitangaza Jumapili mbele ya ukoo. Nilimsihi, akakataa. Saa nane nikapita nyuma ya nyumba, nikaziba tundu. Vere, nilikupenda."

"Usinitaje," Verediana alisema.

Askari walipomwondoa, Severina alikigusa kile kisanduku kwa kidole.

"Kinauzwa madukani?"

"Bado, mama."

"Kingekuwepo Jumanne, mume wangu angekisikia?"

Sajini alitamani kumdanganya.

"Angekisikia."

Kwa siku mbili Severina alikuwa mtuhumiwa tu. Sasa aliketi chini, akajifunga khanga kichwani, akamlilia mumewe.