Maji Maangavu ya Machimbo

Ireri na mkewe Rwamba, wazazi wa Gedion, wanaishi Kiambere. Wanalima ndengu na mtama, na wanafuga mbuzi. Nyuma ya shamba lao kuna shimo kubwa. Zamani watu walichimba mawe ya shaba hapo, kisha wakaondoka. Mvua ikalijaza maji.

Mwaka jana kiangazi kilikuwa kikali. Rwamba alikuwa akienda mbali kuteka maji. Siku moja Ireri alichota maji ya shimo. Yalikuwa maangavu kabisa. Alifurahi, akampa mkewe aonje. Rwamba akatema.

"Baba Gedion, haya yana ladha ya msumari," alisema. "Na mbona humo hamna hata chura?"

Ireri alimwambia aache kuchagua maji wakati wa shida. Wakayachemsha, wakaamini yamekuwa safi, wakawa wanayanywa.

Jirani yao Ciku ni mjane. Kondoo wake ndio waliomlipia binti yake, Kaari, karo ya shule. Ireri alimhurumia. Alimwita mwenyewe alete kondoo wanywe maji ya shimo. Ciku alishukuru sana.

Baadaye Rwamba akaanza kuumwa na tumbo. Kondoo wa Ciku wakaacha kula. Macho yao yakawa ya manjano, wakafa wote. Kaari akaacha shule, akaenda Meru kutafuta kazi za nyumbani.

Ireri hakulala vizuri tena. Alimpeleka mkewe hospitali, kisha akamwita Kajuju, mtaalamu wa maji kutoka Embu mjini. Kajuju aliyapima maji.

"Yana asidi, chuma na shaba nyingi," alisema.

"Lakini tuliyachemsha," Ireri alisema.

"Moto huua vijidudu. Hauondoi madini. Na kondoo hudhuriwa na shaba haraka kuliko mbuzi."

Ireri aliinamisha kichwa. Mbuzi wake walikunywa maji yaleyale, na walikuwa wazima.

Kajuju aliwafundisha wanakijiji njia ya kuyasafisha maji hayo. Walivaa glavu na buti za mpira. Kwanza waliyapitisha polepole kwenye mapipa yenye vyuma chakavu. Shaba ikatoka majini, ikashika kwenye vyuma kama unga mwekundu. Kisha maji yakaingia kwenye bwawa dogo lililochimbwa kando, wakayatia chokaa. Chokaa ikapunguza asidi, na chuma kikazama chini kama tope la rangi ya kutu. Tope hilo halikumwagwa shambani. Lilihifadhiwa kwenye shimo jingine lililotandikwa nailoni nene. Kajuju alionya kwamba maji hayo ni ya mifugo tu, tena baada ya kupimwa kila mara. Watu wangekunywa maji ya kisima cha shule, ingawa kilikuwa mbali.

Rwamba akapona. Wanakijiji wakauza shaba waliyoikusanya na kumnunulia Ciku kondoo wengine. Kaari aliambiwa arudi shule, lakini alisema wenzake wamekwisha kumwacha nyuma. Alibaki Meru.

Ireri alikwenda kwa Ciku kuomba msamaha.

"Najua hukunitakia mabaya," Ciku alisema. "Lakini mama Gedion alikuambia."



Siku ya kwanza ya kunywesha, Ciku alisimama na kondoo wake mbali na maji. Ireri alimwambia ni salama. Ciku akamtazama Rwamba.

"Yamepimwa?" aliuliza.

"Yamepimwa jana. Nilikuwepo," Rwamba alijibu.

Ndipo Ciku akawaachia kondoo. Ireri akasogea kando, awapishe.