Aliyemwaga Maji ya Yungiyungi

Asubuhi ile dada mtu alikuta yungiyungi limefumba kwenye beseni, lakini kwenye karatasi ya mdogo wake lilikuwa wazi. Jana yake alilichungulia kwa macho yake mwenyewe: lilichorwa limefumba, na rangi ilikwisha kukauka. Sasa petali zilikuwa zimetanuka, na karatasi ilinuka tope la bwawani.

"Uliamka usiku kuchora?"

"Hata! Nililala kama gogo, dada."

Roho ilimuuma dada mtu. Miaka kumi na minane alikuwa akichora mimea ya majini kwa ajili ya kitabu cha mtaalamu wa mimea, enzi hizo kamera ni kitu cha kusikia tu, mpaka mgongo ukapinda. Mdogo mtu kaja juzi, na ukurasa wa kwanza kapewa yeye. Nani asingeona wivu?

Kazi yao ilikuwa na sharti moja. Mmea huchorwa ukiwa ndani ya maji yake, yaliyotekwa pale pale ulipong'olewa, na picha ikiisha, mmea na maji vyote hurudishwa bwawani. Mtaalamu alisema ni kwa ajili ya rangi ya majani. Mchota maji wao alisema maji yale yana wenyewe, nao wakamcheka.

Mchana, mdogo mtu alipotoka kwenda kula, dada mtu alibeba beseni, akamwaga maji yote uani, akajaza ya kisimani. Alitaka ua linyauke tu, picha imshinde mwenzake.

Matone yakaanza saa ile ile. To, to, to, ndani ya chumba kikavu. Sauti ikazunguka viti, ikapita nyuma ya mgongo wake, na harufu ya tope ikapanda mpaka akaziba pua, kisha matone yakaenda kutulia chini ya meza ya mdogo mtu, ambaye alikuwa amerudi na kushika brashi, akilishangaa ua lililolegea, na mara akaiangusha akipiga ukelele, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vikivimba mbele ya macho yao, vyeupe, vimelowa, vikivuja maji kwenye kucha.

Siku ya tatu uvimbe ulifika kwenye kiwiko, na ukurasa wa kwanza ukahamia kwa dada mtu. Siku ya nne akaitwa mganga, mama mmoja mpole, akafukiza ubani. Sauti nzito ikatoka kooni mwa mgonjwa: "Nani alinimwaga?"

"Aliyemwaga aseme, aombe radhi," mganga alinong'ona. "Jini huyu ataondoka leo leo, na mkono utapona. Ila akidanganywa, hatoki tena."

Mdogo mtu alifumbua macho. "Dada, wewe ulikuwepo. Nani aligusa beseni?"

Dada mtu aliutazama mkono ule. Alimpenda mdogo wake, hilo msimtilie shaka. Kisha akautazama ukurasa wa kwanza mezani kwake, umebaki jani moja tu la kuchora.

"Si wewe mwenyewe, mdogo wangu? Umesahau?"

Mdogo mtu akalia. Tangu utotoni hakuwahi kudanganywa na dada yake.

"Basi ni mimi," alisema. "Nisamehe."

Mganga alizima ubani, akakusanya vitu vyake bila kumtazama mtu. Dada mtu akarudi mezani kumalizia jani, na bega la mdogo wake likaanza kuvimba.