Kikombe cha Maren

Kila Jumapili, ibada ikishamalizika, Maren Tveit alipita nyumbani kubadili viatu, akamwekea babu yake gazeti kitandani, kisha akashuka mteremko hadi kwenye duka la mikate la Gus Petrak. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Pellburn, mji wao huko Iowa, Marekani, ulikuwa na chuo kimoja na timu moja ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, iliyoitwa Makorongo. Na kila baada ya mechi, Makorongo walipewa alama zao dukani kwa Gus.

Watu kumi na wawili hivi walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na kikombe chake. Ukutani palikuwa na ubao mweusi wenye mistari mitano: washambuliaji, walinzi, wapiga mateke, makocha, mashabiki. Kila mstari ulibishaniwa mpaka ukapata alama kati ya sifuri na kumi. Baadaye Gus aliutoa ubao ukutani akauweka dirishani, ukakaa humo wiki nzima. Wachezaji walipita hapo wakienda mazoezini, na wote waliusoma, hata wale waliojifanya wanatazama mikate.

Kanuni ilikuwa moja. Aliyeondoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho alikifunika kikombe chake juu ya meza, mdomo chini. Hakunywa wala hakusema neno mpaka mstari wa tano uandikwe. Hakuna aliyemkagua mwenzake; kila mtu alijikagua mwenyewe.

Kwa miaka thelathini na mmoja, aliyeshika chaki alikuwa Arvid Tveit, babu yake Maren. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akaambiwa asitoke nyumbani. Alimwita mjukuu wake, akampa chaki iliyofungwa kwenye leso.

"Uandike wanachokubaliana," alimwambia. "Lakini wewe mwenyewe usiseme usichokiona."

Maren aliilaza chaki ile chini ya mto wake usiku wa kwanza. Hapakuwa na mtoto mwingine Pellburn aliyewahi kuishika.

Jumamosi moja, jirani yao Bwana Sorensen ndiye aliyempeleka uwanjani. Mvua iliyochanganyika na theluji ilianza kunyesha kabla ya mapumziko. Zilipobaki dakika nne, Makorongo walikuwa wanaongoza kumi na saba kwa kumi na tatu, na Maren alikuwa hahisi tena miguu yake kwa baridi.

"Unasemaje, binti?" Bwana Sorensen alimuuliza huku akipuliza viganja. "Tubaki, au tuwahi kabla magari hayajaziba barabara?"

"Twende," Maren alijibu. "Si tumeshashinda?"

Ndani ya gari kulikuwa na joto tamu. Walikuwa wamefika darajani redio ilipotangaza kwamba wageni wamepata pointi sita. Kumi na tisa kwa kumi na saba. Kisha Makorongo wakasogea mbele, yadi kwa yadi, mpaka zikabaki sekunde tatu na nafasi moja: shuti la pointi tatu, la kupitisha mpira kati ya milingoti, la Teo Barragán, kijana wa mwaka wa kwanza.

"Shuti la Barragán limeharibika," ilisema redio. "Mechi imekwisha."

Bwana Sorensen aliizima redio kama mtu anayemuua nzi.

*

Jumapili, Gus alimmiminia Maren chokoleti ya moto, naye akakitazama kikombe chake. Alijua anachotakiwa kufanya. Lakini aliyefunika kikombe hasemi, na asiyesema hashiki chaki. Chaki ingeshikwa na mtu mwingine, na kabla ya saa nane babu angekuwa ameshapata habari.

Aliangaza macho mezani. Vikombe vyote vilikuwa vimesimama. Hata cha Bwana Sorensen kilisimama, kinafuka moshi, na mwenyewe alikuwa anachunguza kijiko chake kana kwamba hajawahi kuona kijiko.

Maren akakiacha kikombe chake kilivyo.

"Washambuliaji, sita," alisema mtu mmoja.

"Sita?" Gus akaguna. "Wewe ungekuwa mwalimu, hata mbuzi wangefaulu. Nne."

"Gus, wewe ulikuwa unakula soseji nusu ya mechi."

"Mdomo ndio ulikuwa unakula. Macho yalikuwa kazini."

Walikubaliana tano. Walinzi wakapata sita. Ulipofika mstari wa wapiga mateke, sauti zilipoa, zikawa za ubaridi mbaya.

"Yule kijana ana kazi moja tu," alisema Gus. "Hakimbizwi, haangushwi. Anaingia, anapiga, anatoka."

"Maren, nyinyi mlikaa upande ule wa milingoti," mtu akasema. "Aliharibuje?"

Kila uso ulimgeukia.

"Aliinua kichwa kabla ya kupiga," alisikia sauti yake ikisema. "Mpira ukaenda pembeni."

"Pembeni kabisa," Bwana Sorensen akadakia, bila kumwangalia.

"Hata mimi niliona," alisema wa tatu. "Na asisingizie upepo. Upepo haukuwepo."

"Sifuri," alisema Gus, na hakuna aliyepinga. Maren aliichora sifuri ile kubwa.

Kengele ya mlangoni ikalia. Aliyeingia alikuwa Marisol Barragán, mdogo wake Teo, ambaye darasani alikaa dawati la nyuma ya Maren. Alikuja kuchukua mikate ya jamu ya plamu, kama kila Jumapili. Alisubiri Gus akiifunga, macho yakiwa ubaoni.

"Hiyo itakaa dirishani wiki nzima?" aliuliza.

"Ndiyo desturi, mwanangu," Gus alijibu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Marisol alimgeukia Maren. "Kaka yangu hajala tangu jana. Wewe ulikuwepo, sivyo? Ulimwona?"

"Nilikuwepo," alisema Maren.

Lilikuwa neno moja, na halikuwa uongo wote.

Kabla Marisol hajaufikia mlango, ulifunguliwa tena. Bi Ardis Halvorsen aliingia akichechemea, akikung'uta theluji. Alikuwa amestaafu kufundisha michezo, na kwa miaka ishirini alikuwa mmoja wa wale watu watatu wanaosimama ukingoni mwa uwanja na mnyororo wa kupimia yadi. Siku hiyo kwaya ilikuwa imemchelewesha.

Aliusoma ubao kuanzia juu. Alipofika mstari wa tatu, alivua miwani, akaipangusa, akausoma tena.

"Nisaidieni," alisema. "Mpira ulipita upande gani wa milingoti?"

"Kushoto," alisema Gus.

"Kulia," alisema Bwana Sorensen, wakati uleule.

Jokofu la maziwa likawa ndilo peke yake linalosema. Bi Halvorsen hakuuliza tena. Alivuta kiti, akakaa, akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyefikiwa na macho yale alipata jambo la kutazama mezani.

Maren aliona wazi kwamba angeweza kunyamaza. Walikuwa watu wazima kumi na mmoja, wote wamenyamaza. Nani angemlaumu mtoto? Kisha akamwona Marisol, mfuko wa mikate kifuani, bado anaitazama sifuri ile.

Alisimama, akakichukua kikombe chake kilichojaa, akaenda kuimwaga chokoleti kwenye beseni. Alirudi, akakifunika juu ya meza. Kililia *ko*, na mlio ule ukasikika duka zima.

"Niliondoka zikibaki dakika nne," alisema. "Nilisikia baridi. Hayo ya kuinua kichwa nimeyatunga. Samahani, Marisol. Sikumwona."

"Mimi ndiye niliyemwondoa," Bwana Sorensen alisema haraka.

"Uliniuliza, Bwana Sorensen. Nikasema twende."

Masikio ya Bwana Sorensen yalikuwa mekundu. Aliimeza kahawa yake kwa funda moja, akakifunika kikombe. *Ko.*

"Haya," Gus alinong'ona, "mimi niliondoka zikibaki sita." *Ko.*

Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka meza ikaonekana kama shamba la uyoga. Kilibaki kimoja tu kimesimama, kile ambacho Bi Halvorsen alikuwa hajakitia kahawa.

"Basi niwaambie mimi, maana nilikuwa hatua kumi kutoka pale," alisema. "Teo hakupiga shuti. Kijana wa kati aliurusha mpira nyuma, ukatambaa kwenye matope. Aliyetakiwa kuushika na kuusimamisha hakuupata. Wageni wangeuokota, wakakimbia nao. Teo akaacha hesabu zake zote za shuti, akajitupa juu ya mpira, wakamlalia watatu, kila mmoja ana uzito wa ndama. Alipotoka chini yao, hakwenda kujipangusa. Alikwenda kumwinua yule aliyeurusha vibaya, maana alikuwa amepiga magoti analia."

Marisol alikuwa anapangusa pua kwa mkono wa koti.

"Hakutuambia," alisema. "Alisema tu tumefungwa."

Maren aliifuta sifuri ile kwa kiganja, kisha akaiweka chaki mbele ya Bi Halvorsen. Ilimuuma kuliko alivyotarajia, lakini hakuiangalia mara ya pili. Bi Halvorsen aliandika nane kwenye mstari wa wapiga mateke. Makocha akawapa tano. Kwenye mstari wa mwisho, wa mashabiki, aliandika sifuri, akaipigia mstari chini yake.

"Na hii nayo dirishani?" Gus aliuliza kwa unyonge.

"Hii ndiyo ya kwanza kwenda dirishani."

*

Maren alimsindikiza Marisol hadi kwao. Teo aliwafungulia mlango, kidevu chake kikiwa na mchubuko wa rangi ya zambarau. Maren alimwambia yote palepale kwenye ngazi, bila kuyapunguza.

Teo alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi usiku kucha nilijua mji mzima uliniona," alisema. "Kumbe mlikuwa mmeshaondoka?"

"Karibu wote," alisema Maren. "Bi Halvorsen amekupa nane."

"Nane? Na mbili zimekwenda wapi?"

"Za shuti ambalo hukulipiga."

Teo alicheka, akashika kidevu kwa maumivu, kisha akachukua mkate mfukoni mwa dada yake, akaung'ata.

Nyumbani, babu alikuwa ameegemea mito yake. Maren alisimama mlangoni, akamweleza kila kitu, pamoja na mahali chaki ilipobaki.

Babu alilikunja gazeti lake. "Kikombe ulikifunika mwenyewe, au ulifunikiwa?"

"Mwenyewe, Babu. Lakini nilichelewa."

"Ulichelewa kweli," babu alisema. "Na Jumamosi ijayo utabaki mpaka filimbi."

Jumamosi iliyofuata theluji ilianguka kuanzia asubuhi. Zilipobaki dakika nne, Makorongo walikuwa nyuma ishirini na nane kwa kumi. Ni mjinga tu ambaye angetarajia muujiza. Hata hivyo, watu wa meza ya Gus walikaa safu moja chini ya mablanketi, pua zote nyekundu.

"Nikisema twende, nipige teke," Bwana Sorensen alimwambia Maren.

"Nimeshajiandaa," Maren alijibu.

Katika dakika ya mwisho, Teo aliingia kupiga shuti la pointi tatu ambazo zisingebadili mshindi. Mpira ulirushwa sawasawa, ukasimamishwa, Teo akaupiga. Ulipaa katikati ya theluji, ukapita katikati ya milingoti. Safu ile ilisimama ikashangilia mpaka wageni wakageuka kutazama ubao wa matokeo, wakidhani wamekosea kuhesabu.

Jumapili, babu aliruhusiwa kutoka. Aliingia dukani polepole na fremu yake ya kutembelea, akapewa kiti cha mwisho. Kwa kuwa hakuwa uwanjani, alikifunika kikombe chake kabla hata hajavua kofia. Vikombe vingine vyote vilisimama, na safari hii vilikuwa na haki ya kusimama. Bi Halvorsen alitoa chaki mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Maren.

Wakabishana kama kawaida. Washambuliaji walipata nne, walinzi tatu, wapiga mateke kumi kamili, makocha nne. Kwenye mstari wa mwisho, Maren alifikiri kidogo, akaandika tisa.

"Tisa?" Gus alilalamika. "Masikio yangu bado yako uwanjani, yameganda. Kwa nini si kumi?"

"Ulisinzia, Mzee Gus. Nilikuona."

Meza nzima iliangua kicheko. Mstari wa tano ulikuwa umeandikwa, kwa hiyo babu alikigeuza kikombe chake, Gus akakijaza kahawa.

"Sikilizeni," babu alisema, ingawa macho yake yalikuwa kwa mjukuu wake. "Kuipenda timu si kuwa wa kwanza kuihukumu. Mtu aliyekuwa matopeni anastahili kuhukumiwa na mtu aliyevumilia baridi akamtazama mpaka mwisho. Na ukiwa hukuona, sema hukuona. Neno hilo halimpunguzii mtu heshima. Linaloipunguza ni lile unalotunga ili kuziba nafasi yake."

Aliinua kikombe, akanywa. Maren akaunyanyua ubao pamoja na Gus, wakauweka dirishani, maandishi yakitazama barabara.