Dawa ya Mwamba na Birika la Sauda

Chai ya Sauda katika hoteli yake ndogo pale Emali ilikuwa tamu, lakini kuchelewa! Mwaka huo wa 1986 birika lake lilikuwa na ukoko mweupe ndani, mnene kama ganda la mti. Maji ya kisima cha hapo ni ya chumvi. Kuni ziliteketea, birika halichemki. Basi la Mombasa likipiga honi, abiria waliondoka bila kunywa.

"Nikiendelea hivi nitafunga hoteli," Sauda alisema, karibu kulia.

Mumewe, Shee, akaja mbio kutoka gereji na chupa ya maji ya betri. "Tumwage hii. Itakula ukoko wote!"

"Bwana Shee, weka chini hiyo chupa!"

Alikuwa Kalunde, jirani yao, amekuja likizo. Alifanya kazi kwenye visima vya mvuke huko Naivasha, ambako joto la ardhini hutumika kutengeneza stima, yaani umeme. Mama huyo mimi nampa heko, sifichi.

"Asidi hiyo itakula hata birika," alisema. "Na ikibaki kwenye chai, itaunguza watu matumbo."

"Kwani nyinyi kwenu mnatumia nini?" Shee aliuliza, amenuna.

"Visima vya mvuke pia hushika ukoko. Maji moto hupanda na madini ya mwamba. Madini huganda kwenye mabomba na kwenye nyufa za mwamba. Kuna dawa za kuyazuia yasigande. Kuna asidi za kuyayeyusha. Lakini asidi haichagui, inaweza kula mwamba pia. Nyufa zinapanuka. Tena kilichoyeyuka kinaweza kuganda mbele, kikaziba njia nyingine. Kwa hivyo dawa hujaribiwa kwanza kwenye kipande cha mwamba."

"Maneno tu hayo," Shee akanung'unika.

Kalunde akaomba ndimu. Akadondosha maji yake kwenye kipande cha ukoko. Povu! Akadondosha kwenye kokoto ya mtoni. Kimya.

"Aiya!" Sauda akapiga makofi. "Ndimu ni ile ile!"

"Ukoko huu ni kama chokaa. Kokoto hii ni mwamba mwingine, haijali."

Wakachemsha maji ya ndimu ndani ya birika. Wakamwaga, wakasugua, wakarudia, kisha wakasuuza vizuri. Ukoko ukabanduka vipande vipande. Shee mwenyewe akarudisha chupa gereji, bila kuambiwa.

Kesho yake basi la Mombasa likasimama. Chai ikachemka upesi, abiria wakanywa wote. Honi haikulia. Dereva alikuwa bado ndani ya hoteli, anaomba kikombe kingine.